Fungua Kile Kitenge, Mama

Carama, Bujumbura

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Umeamkaje? Homa ya Papa imepoa? Mimi ni mzima. Huku bunduki zikilia tunalala sakafuni, zikinyamaza tunaenda kazini.

Nimepata barua ya mdogo wangu Nyota. Anasema huu ni mwezi wa nane tangu niondoke, na bado hujafungua kitenge nilichokufunga begani siku ulipoanguka na dumu la mawese. Siku hizi hata kilemba anakufunga yeye. Akikuomba ufungue, unamjibu: “Apana. Faila alisema nisifungue mpaka arudi.” Mama jamani! Nililia mbele ya watu.

Ni kweli nilisema. Lori la kunileta huku lilikuwa linaunguruma, watu wananivuta mkono, nami nilidhani nitarudi baada ya wiki mbili. Tena nilijifanya mjuzi kwa sababu Bibi alikuwa akiunga mifupa. Lakini Bibi alipapasa kwanza ndipo akafunga. Mimi sikupapasa, nilikaza tu. Labda uliteguka kidogo.

Sasa nasafisha sakafu kwenye kliniki moja huku juu Kiriri. Juzi niliweka ufagio chini nikamwuliza daktari wa viungo. Akatikisa kichwa.

“Bega ikifungwa sana inagoma. Mule ndani iko gegedu, ile kitu laini ya kufunika mwisho ya mufupa. Inapata chakula yake mutu akitembeza mukono. Ukifunga, inashinda njaa.”

Anasema zamani hata wao walifunga watu muda mrefu, ila utafiti wa siku hizi umewageuza. Nikamtajia miezi minane. “Labda mukono haitapanda yote,” akasema. “Lakini aanze leo.”

Nisamehe, Mama. Najuta sana. Mkono ulionibeba nimeuharibu mimi.

Fungua leo hii. Nyota akukande kwa maji ya moto, kisha simama karibu na ukuta, upandishe vidole ukutani polepole bila kulazimisha. Kila Jumapili mkitoka ibadani, atie alama ya makaa pale vilipofika.

Nisalimie Papa, kaka yangu mkubwa, na shangazi muuza chumvi. Barua hii ameichukua mama mmoja muuza sabuni anayevuka mpaka wa Gatumba kuja huko kwenu.

Barabara ya huko bado ni mbaya, na sitakudanganya tena kuhusu siku ya kurudi. Nikifika nitatazama ule ukuta kwanza. Alama zikiishia usawa wa kifua, usione haya. Kilemba nitakufunga mimi, maisha yote.

Binti yako,
Faila