Redio Iliyonyamaza Wiki Nzima

Jumatatu, 1 Februari 1971

Nina miaka sabini na mbili. Nimepita vita viwili, nzige, machifu wanne na wake wawili. Kemunto ni wa tatu, na huyu naona atanizika.

Leo nimechonga kiboko wa jiwe, limebaki sikio moja. Hapa Tabaka hakuna anayenishinda kwa kiboko. Na mlima huu wote hakuna mwenye redio ila mimi.

Jioni redio imekufa. Hata kukoroma hakuna. Tena saa ya matangazo ya vifo! Ndugu yangu Ombati amelazwa Nairobi tangu Krismasi. Barua huchelewa. Likitokea la kutokea, redio ndiyo itasema.

Watu walikuja kusikiliza kama kawaida. Nimefunga mlango. Nimewaambia nina mgonjwa, kuanzia leo nasikiliza peke yangu. Nyakundi, rika langu, akacheka huko nje: "Sikiliza vizuri, mzee, siku moja watakutaja!" Nikamjibu mimi watanitaja, yeye hata mbuzi wake hawatamtaja.

Ni uongo nimesema. Lakini nani aseme redio yangu imekufa?

Jumanne, 2 Februari

Betri ziko nne. Nimejaribu moja moja kwa balbu ya tochi na kipande cha waya. Zote zinawasha. Nimezianika juani hata hivyo. Nimerudisha. Kimya.

Swichi nzima. Basi moto uko kwenye betri, lakini haufiki ndani. Hiyo nimejua mwenyewe bila fundi.

Nimechonga mpaka mchana. Nimerudi kujaribu tena. Kimya.

Jumatano, 3 Februari

Nimefungua mgongo wa redio. Waya mwekundu umeshika. Mweusi umeshika. Springi nimezivuta zikaze. Hakuna.

Nimeteremka sokoni kununua betri mpya. Nilisema ni za tochi. Redio ya mwenye duka ilikuwa inasema, nilipoingia akazima. Watu wakanisalimu polepole. Heshima, nikadhani.

Betri mpya pia kimya. Kemunto akasema, "Baba Moraa, si unawe mikono kwanza? Uko mweupe kama umetoka kusaga unga." Nikamwambia vumbi la mawe limemlisha miaka kumi na tisa. Sikunawa.

Alhamisi, 4 Februari

Nyakundi ameleta mkungu wa ndizi. Hakutania. Ameketi, ameangalia mlango wa nyumba, ameenda. Majirani wanapita njiani, hawanitazami. Nimeona majembe yameegemezwa kwa ua wa Nyakundi. Nani analima saa hizi na jua hili?

Sikio la kiboko limevunjika. Nimekasirika siku nzima.

Ijumaa, 5 Februari

Nilienda machimboni. Kurudi jioni, redio inaongea.

Kemunto alinawa mikono kwa sabuni. Akapangusa springi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akapangusa na betri zote. Kitambaa kikatoka cheupe. Vumbi la mawe yangu, laini kama poda. Lilikaa katikati ya betri na springi, moto haukupita. Kila nilipotengeneza nilikuwa naongeza lingine kwa vidole vyangu.

Nilikuwa natafuta neno la kujitetea. Matangazo yakaanza. Wakasema Ombati amefariki. Wakasema ni ndugu wa Mzee Ogeto wa Tabaka. Mwili unaondoka Nairobi kesho. Walisema ni tangazo la mara ya tatu.

Jina langu kwa redio. Kumbe.

Nililia kwa sauti. Kabla sijavuta pumzi, kilio kikajibu mlima mzima. Walikuwa wanajua tangu Jumatano. Kwetu jirani halii kabla mkubwa wa boma la marehemu hajalia, na mkubwa ni mimi. Wakasema mzee ana redio, amesikia, anangoja siku yake. Wakakaa na majembe yao ya kuchimba kaburi siku tatu wakiningoja.

Nyakundi alifika wa kwanza. "Tulidhani unatunyima kilio tu," akasema.

Jumapili, 7 Februari

Tumemzika Ombati. Mahali pa kaburi nilionyesha mimi, jana asubuhi, na tulimaliza kuchimba gari likiwa bado njiani. Mvua haikunyesha.

Nyakundi nimemwambia ukweli. Hakucheka. Atacheka mwezi ujao, namjua.

Mlango uko wazi, watu wameketi, redio inasema. Karai la maji liko kando ya redio. Nanawa, halafu nawasha.

Anayesema nimeongeza chumvi amuulize Kemunto, kitambaa bado anacho. Au Nyakundi.