Jembe la Mwita

Ijumaa, 7 Juni. Bomani

Flashi za wateja tangu asubuhi, zote zimejaa virusi. Kompyuta yangu haidhuriki kwa kuwa inaendeshwa kwa Linux, si Windows. Ndiyo sababu niliiweka, na ndiyo sababu kila anayeingia hapa steshenari anaikodolea macho na kuuliza kama imeharibika. Nimechoka kueleza.

Picha za pasi, barua za kuomba kazi, fotokopi. Nusu ya vijana wananiaga. Wanakwenda kwenye rashi, machimbo mapya. Dhahabu imeonekana kijijini kwetu, karibu na bwawa la Manchira, na baba aliniambia kwa simu kwamba watu wamefika mpaka kwenye mtama wake. Alicheka. Kisha akakohoa kwa muda mrefu. Sikukipenda kile kikohozi.

Jumamosi, 8 Juni

Baba amefariki.

Marwa, mdogo wangu, alipiga akiwa hospitali, Mugumu. Nimefunga duka. Nimebeba kompyuta bila kufikiri, mkono umezoea. Kabla ya basi kuondoka nilimpigia Mwita, kaka yetu mkubwa, huko Uarabuni. Alisema mwajiri anashikilia pasi yake hadi mkataba uishe. Hawezi kuja.

Sijalia.

Jumapili, 9 Juni. Nyumbani

Sikupatambua. Mashimo kila upande, maturubai ya bluu, karasha zinasaga mawe kutwa. Ng'ambo ya uzio wetu wa minyaa pamesimama gesti ya mabati ambayo mwezi uliopita haikuwepo. Simu hazishiki. Watu wamezidi mnara.

Wazee wamekaa. Kwetu kaburi la baba hufunguliwa na mwanawe wa kiume wa kwanza. Yeye hupiga jembe la kwanza, ndipo wengine huchimba. Akiwa hai na jembe likapigwa na mwingine, basi ametoka kwenye mji wa baba yake. Hana tena pa kujenga hapa, na siku akifa hazikwi hapa. Baba mdogo Nyamhanga, ambaye ndiye mkubwa wetu sasa, amesema mwili utakaa mochwari, kaburi lifunguliwe Ijumaa, tuzike Jumamosi. Mwita asipokuja, jembe atapiga Marwa, maana mimi ni binti.

Marwa amesema, "Sitaki nafasi ya mtu aliye hai."

Kijiji kizima kinachimba, isipokuwa sisi.

Jumatatu, 10 Juni

Sikulala vizuri. Asubuhi nilimfuata baba mdogo zizini. Shikamoo, marahaba, halafu nikasema lile lililokuwa linanisumbua: je, wazee wakimwona Mwita kwa macho yao kwenye video, akipiga jembe huko huko aliko, haitatosha?

Nilitegemea anifukuze. Aliomba aonyeshwe. Marwa akanunua vocha ya WiFi kule gesti, wana dishi juu ya paa, na simu yake ikaingia mara moja. Akafungua video ya zamani ya Mwita. Baba mdogo aliinyoosha simu mbali, akaisogeza karibu, akairudisha.

"Mura, kijana wangu," akamwambia Marwa, "huyu mtu ni wa ukubwa wa kidole. Siwezi kuruhusu kidole kifungue kaburi la kaka yangu."

Nikamwambia kompyuta yangu ina kioo kikubwa. Akafikiri.

"Basi uso uwe wa mtu. Na wazee wote wamwone. Pale pale kaburini."

Tumemwandikia Mwita. Ijumaa ni siku yake ya mapumziko. Amejibu neno moja: nitakuwepo.

Kazi yangu ni ndogo tu. Mawimbi ya gesti yanafika mpaka kwenye uzio.

Jumanne, 11 Juni

Si ndogo.

Kompyuta inashika WiFi. Inaandika imeunganishwa. Lakini ule ukurasa wa kuingizia vocha hauji. Kwenye simu ya Marwa unaruka wenyewe. Kwangu, weupe mtupu. Nikifungua kivinjari, kinalalamika kuhusu usalama na kufunga mlango. Neema, dada wa mapokezi, alichungulia na kusema hiyo siyo Windows, haitaingia, kuna mzungu mmoja alishindwa na kompyuta kama hiyo akaenda kulala. Nilitamani kumjibu vibaya. Nilimjibu vibaya.

Nimejaribu kupitisha mtandao kwa waya kutoka simu ya Marwa. Tundu la chaji limelegea, unaingia na kutoka. Haufai kwa msiba.

Jumatano, 12 Juni

Nimefuta mtandao na kuuunganisha upya sijui mara ngapi. Nimezima na kuwasha. Nimeandika anwani isiyo na kufuli, ile ya kizamani, ili geti la gesti liweze kunidaka na kunipeleka kwenye ukurasa wake. Wapi. Nikafungua skrini nyeusi ya amri, nikaitafuta namba ya ruta yenyewe, kile kisanduku kinachogawa mtandao, nikaiandika kwenye kivinjari. Ukatokea ukurasa nusu, rangi bila maandishi. Hakuna pa kubonyeza.

Nikalia. Shangazi na wanawake wa jikoni wakaja kunishika, wakiniambia baba amepumzika. Sikuwaambia kwamba nalilia kitufe. Halafu nikawa sikililii kitufe tena, namlilia baba, na sikuweza kunyamaza.

Jioni, macho yamevimba, nikaona. Zamani pale dukani niliandika kwa mkono namba za seva ya majina, ile inayoielekeza kompyuta kila tovuti iko wapi. Nilitaka kasi. Sasa mtandao wa gesti unataka uulize kwa mlinzi wa mlangoni, na mashine yangu ilikuwa inampita na kumuuliza mtu wa mbali. Lazima akatae. Nimezifuta zile namba, nikaiacha ichukue zinazotolewa hapa.

Ukurasa umekuja. Una picha ya tembo na neno karibu. Nimeingiza vocha. Imekubali. Nikafunga kompyuta nikale.

Niliporudi ukurasa umeniomba vocha tena.

Alhamisi, 13 Juni

Kila nikikata na kuunganisha, gesti inaniona mgeni. Vocha ya jana haina kazi, inasema inatumiwa na mtu mwingine. Mtu mwingine ni mimi. Neema amenipa nyingine kwa huruma, nami nimemwomba msamaha wa juzi.

Leo kuna kijana alikuja na beleshi, akauliza kama udongo wa kaburi letu ukitoka anaweza kuchukua ndoo moja akaupime. Baba mdogo alimfukuza kwa fimbo mpaka barabarani. Alirudi, akaiegemeza fimbo mlangoni. Akauliza, "Mashine imekubali?" Nikasema bado. Akaenda kumwambia Marwa anoe jembe. Marwa hakunyanyuka.

Nachukia kuandika hili: kwa muda nilitaka kukata tamaa. Mwita amekaa huko miaka, harusi yangu hakuja, mama alipougua hakuja. Nikajiuliza nahangaikia nini. Halafu nikamfikiria amekufa na watu wanajadiliana pa kumweka.

Nimelipata. Linux yangu hubadilisha anwani ya kadi yake ya WiFi kila inapounganisha, ili isifuatiliwe. Huko mijini ni jambo jema. Nimeiamuru itumie ile ya kuzaliwa nayo, basi. Nimekata. Nimeunganisha. Nimekata tena. Haikuniomba kitu.

Nimemwandikia Mwita: asubuhi, kabla jua halijawa kali. Amesema ameazima koleo kwa Mnepali anayefanya naye kazi.

Ijumaa, 14 Juni

Niandike haraka, kabla sijasahau mpangilio.

Meza tuliiweka kwenye uzio, hatua chache kutoka mahali pa kaburi. Wazee kwenye mabenchi. Kelele za karasha zilizidi, Marwa akavuka kwenda kuomba. Moja ikazimwa, ya pili, mwishowe zote. Sikuwahi kusikia kijiji kimya namna ile tangu nifike. Wachimbaji wakaja kusimama ng'ambo ya minyaa, weupe kwa vumbi, kofia mkononi.

Mwita akatokea. Uso mzima, kioo kizima. Amekonda. Mdomo ulikuwa unasema lakini sauti haikuja. Nikabonyeza kila nilichokijua. Sauti ikakataa kabisa. Nikamwambia baba mdogo hatutamsikia wala yeye hatatusikia. Nilidhani yameisha.

Baba mdogo akasimama, akaongea naye kwa Kikurya kwa sauti kubwa hata hivyo. Mwita alimtazama mdomo. Kisha akaisimamisha simu ikimwelekea, akavua viatu, akashika koleo. Nyuma yake ukuta wa bweni na nguo zimeanikwa. Pigo la kwanza liliruka, ardhi ya kule ni ngumu. La pili nalo. La tatu likazama. Akainama, akachota ule udongo, akauleta mbele ya simu mpaka kioo chote kikawa kiganja chake.

Mzee mmoja akanong'ona kwamba picha hutengenezwa siku hizi.

"Ni yeye," baba mdogo akasema. "Hamkuona? Amepiga kwa kushoto. Kaka yangu alimchapa sana aache." Akawageukia vijana. "Chimbeni."

Marwa ndiye alikuwa wa kwanza kufuata.

Picha iliganda Mwita akiwa amepiga magoti. Sikuizima.

Jumamosi, 15 Juni

Tumemzika baba.

Jumapili, 16 Juni

Karasha zimeanza tena tangu alfajiri. Wageni wanaondoka. Nimeosha sufuria, nimerudisha mabenchi ya kanisani.

Mwita ameandika. Mlinzi wa kambi yao ameuliza nani kachimba nyuma ya bweni. Anataka kujua afanyeje na lile shimo. Nilikwenda kumuuliza baba mdogo. Akasema la huku limeshafukiwa, na la kule lifukiwe, asiache wazi.

Nimemwambia Mwita afukie.

Amejibu: bado kidogo, nimekaa hapa.