Kufuli la Friji

Nyumba ya nyuma ya gereji,
Jumapili, baada ya ibada.

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyetuamsha salama. Hujambo wewe, na watoto, na kile kifua chako cha msimu wa baridi? Sisi tunapumua. Goti langu linanisumbua nikifagia, ila nikipiga magoti kusali halisemi neno, kwa hiyo sijui nililaumu au niliache.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema umeme mnaonunua haukai, unamshuku mama mkwe na birika lake la umeme, na unataka nikufundishe namna ya kumwambia ahamie kwa mwanawe mwingine. Ngoja kwanza. Kaa nikupe yangu.

Unajua wifi yangu mshonaji yuko kwetu tangu nyumba aliyopanga ivunjwe. Hakukaa sana, nikaona maziwa kwenye friji yanashuka. Nikawa namtazama kwa pembe ya jicho. Mwisho nikamwambia shemeji yako, kwa vile ni fundi wa kuchomelea na vyuma ndiyo kazi yake, atie komeo na kufuli kwenye friji. Alikubali upesi mno, mtu ambaye mlango wa choo unamngoja tangu mwaka jana. Ufunguo nikauvaa shingoni. Wifi akaona, akaanza kunywa chai ya rangi.

Basi hapo ndipo umeme ukaanza kukimbia kwenye mita. Nikasema ni pasi yake, maana ana pasi nzito kama ugomvi na nguo za wateja haziishi.

Nikabana kila kitu. Balbu za zamani nikazitoa zote, nikaweka za LED. Televisheni nikawa naizima ukutani, si kwa rimoti. Maharage naloweka tangu jana yake, yakishachemka vizuri naifunga sufuria kwa blanketi yajimalizie yenyewe. Shemeji yako alilitafuta blanketi lake kitandani akalikuta jikoni. Haya yote yanasaidia, nawe yafanye. Lakini mita yangu iliendelea kunicheka.

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Wifi, hiyo pasi yako inatumaliza." Hakubisha. "Basi wifi, nguo nitazipigia pasi kwa wenzangu." Akafungasha, akaondoka na pasi na cherehani.

Umeme ukaisha vile vile. Nikamshuku kinyozi wa jirani, nikafuata nyaya zake kwa macho mpaka shingo ikakaza. Nikaishuku mita. Na maziwa nayo hayakuacha kushuka, nikafikia kudhani nayanywa mwenyewe bila kujijua.

Juzi wifi alikuja kuchukua mkasi wake. Akasimama jikoni akisikiliza.

"Wifi, hili friji huwa linanyamaza?"

"Linyamaze lifanye nini?"

Akaniomba nifungue. Akaweka kipande cha kitambaa mlangoni kwa juu, nikafunga na kufuli langu, akakivuta kwa vidole viwili. Kikatoka bila kazi. "Kitambaa kinatoka, baridi ndiyo ibaki?"

Nilijua kachagua pembe inayomfaa. Nikarudia mwenyewe kwa karatasi. Chini ikashikwa, juu ikatoka. Komeo la kaka yake lilikuwa limeuvuta mlango upande, mpira wa mlango haugusi, mashine ya friji inahangaika kutwa kupoza jikoni kwangu.

Tukaling'oa komeo. Mpira tukaupangusa kwa maji ya sabuni, friji tukalisogeza lisibanane na ukuta. Baada ya muda likanyamaza. Nikajua umeme umekwisha. Nikawasha taa, ikawaka. Mdogo wangu, aibu ilinishika pale pale. Nikamwomba wifi arudi.

"Nitarudi," akasema. "Ila niambie kwanza, wifi. Kufuli jipya huja na funguo mbili. Mmoja unao shingoni. Wa pili uko wapi?"

Nikaupapasa ule wa shingoni.

Kwa hiyo kabla hujamwambia mama mkwe neno, jaribu karatasi kwenye friji lako. Na yeye mwombe tu achemshe maji ya kutosha vikombe vilivyopo, yatakayobaki ayatie kwenye chupa ya chai. Mtu akishatoka nyumbani kwako na mzigo wake, hata umbembeleze vipi hakai tena kama zamani. Wifi anarudi kesho, nami sijui nitaanzaje kumwangalia usoni. Tumekubaliana nguo zote za nyumba zipigwe pasi kwa mkupuo mmoja.

Mnisalimie shemeji, mama mkwe mwenyewe, na yule kitindamimba wako msumbufu. Shemeji yako naye anakusalimu sana. Nimemwomba shati lake la kazini nilifue, maana mfuko wa kifuani una kitu kidogo kigumu. Amekataa, anasema leo atalifua mwenyewe. Tangu tuoane hajawahi kufua hata leso.

Mungu akutunzie nyumba yako na wote mliomo.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
Dada yako.