Siku Nne kwa Washona Glavu

Napoli, 9 Oktoba 1978

Mdogo wangu Ottavia,

Nakusalimu kwa moyo wote, nikitumaini kwamba una nafuu kuliko nilivyokuacha. Je, unakula? Daktari ameshaitaja siku ya upasuaji? Usimruhusu jirani yetu Ginevra akufungulie madirisha jioni. Najua ukungu wa Cuneo umeshaanza. Mimi ni mzima, ila miguu imevimba na subira imekwisha.

Uliniomba nimlete kaka yako Ruggero, ili umsamehe kabla hujaingia chumba cha upasuaji. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Leo ni siku ya nne. Anwani ya bahasha yake ya zamani ilinifikisha Sanità, mtaa wa washona glavu, ambako ngazi hupanda hadi ukutani na kuishia hapo, nguo zilizoanikwa humdondokea mtu kichwani, na pikipiki hupita mahali ambapo mimi na mkoba wangu hatutoshi. Namba 14 iko kati ya 31 na 6. Nilipomuuliza muuza ndimu sababu, alisema kwamba nyumba zilitangulia, namba zikaja baadaye na kukaa zilipopata nafasi.

Sikatai kwamba pana uzuri. Kila kona ina mtakatifu na taa yake, na wanawake hushona milangoni huku wakigombana kwa sauti zinazokaribia kuwa nyimbo. Lakini hakuna anayejibu swali! Niliuliza kwa utaratibu, kwa jina kamili: Bwana Ruggero Passalacqua. Mshonaji mmoja mnene, Immacolata, alisema amehamia Ujerumani. Muuza ndimu alisema amekufa, Mungu amrehemu. Kinyozi aliapa kwamba hajawahi kulisikia jina hilo, kisha akaniuliza namtakia nini. Nilipowaeleza kwamba mtu hawezi kuhama, kufa na kutokuwepo kwa wakati mmoja, Immacolata alicheka hadi sindano ikamponyoka. "Mama wee, hapa Napoli! Akijitahidi kidogo, anaweza."

Siku ya pili nikadhani nimeelewa. Suti yangu ya kijivu na mkoba mweusi ni kama vya dalali wa mahakama, anayekuja kuchukua vyombo vya mtu mwenye deni. Na dalali akiingia, uchochoro mzima hugeuka kuwa hauna wakazi. Nilipokanyaga tu, watu walipiga mluzi. "Serikali hiyooo, inachechemea!" alipaza sauti mmoja kutoka juu. Nikawaambia kwamba mimi ni dada yake Ruggero, mwalimu mstaafu wa Kilatini. Kinyozi akajibu kwamba madalali wote huwa dada wa mtu fulani.

Leo asubuhi nilikata tamaa, nikaketi kwenye ngazi za kanisa. Mara kikapu kikashuka kwa kamba kutoka ghorofa ya tatu, kile wanachonunulia mboga bila kuteremka. Ndani mlikuwa na kikombe cha kahawa. Immacolata alisema bila kuinua macho kutoka kwenye glavu yake: "Kunywa, mwalimu. Anakuchungulia tangu Ijumaa. Dalali gani! Pua yenu ni ileile, tulikujua siku ya kwanza. Yeye ndiye aliyetuomba tumkane."

Nilisimama nikamwita Ruggero kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia barabarani. Hakutokea. Alitokea mkewe, Nunziata, akaniambia kwa heshima kwamba mumewe anakupenda na angetamani kukuona, lakini haji kusamehewa kosa ambalo hakulifanya. Barua ya hasira uliyomwandikia baada ya maziko ya baba bado anayo. Hakukujibu kwa sababu hakutaka kukugombanisha na dada aliyekulea. Kisha kikapu kikashuka tena, kikiwa na karatasi na kalamu. Nikuandikie ukweli, naye asome kwanza.

Basi soma, Ottavia. Baba alipofariki, nilikuambia kwamba nilimpelekea Ruggero telegramu siku ileile, naye akakataa kuja. Sikuipeleka. Nilifika posta, nikaijaza fomu, nikaichana. Nilimwonea aibu mkewe mshona glavu. Sikutaka aketi kwenye benchi letu kanisani mbele ya mwalimu mkuu na wenzangu. Telegramu niliipeleka siku mbili baada ya maziko. Kwa miaka ishirini na miwili nimekuacha umlaumu, na kila Krismasi ulipolitaja jina lake nilitoka nikaenda jikoni. Kahawa ya leo ilitiwa sukari vijiko viwili bila mimi kuulizwa. Nunziata ndiye aliyeitia. Ruggero ndiye aliyekumbuka.

Nisalimie Ginevra na Padre Oreste, na unywe dawa zako kwa saa zake hata kama umenikasirikia. Sasa naikunja barua hii na kuitia kikapuni. Ikikufikia kwa posta, ujue kwamba Ruggero hakuridhika, nami nitarudi Alhamisi peke yangu. Ukipewa mkononi, iweke kando, umkaribishe aliyeileta. Na mkewe.

Dada yako,
Clelia