Sufuria Kubwa la Fundi Baridi

Mwaka umezunguka ukatimia, Baba, tangu asubuhi ile ulipovua viatu vya kazi usivivae tena. Yapo mambo ya nyumba hii unayopaswa kuyajua, na nani atakuambia kama si sisi wanao?

Mtaa mzima ulikuita Fundi Baridi kwa ajili ya mafriji, ingawa wewe mwenyewe baridi hukuwa nayo hata chembe. Ulikuwa ukiingia majikoni mwa watu na begi lako la vifaa, na kabla hujagusa mashine ulikuwa umeshatazama rafu. Ukikuta chupa ya maji na nusu limau tu, ulishaelewa. Ulitengeneza, ukafuta mlango kwa kitambaa, kisha ukamwambia mwenye nyumba kwamba Ijumaa jioni kwako kuna chakula kingi na kisipoliwa kitaharibika. Uongo mtupu! Nyama yenyewe ilikuwa bado buchani.

Ndivyo tulivyompata mwalimu wa hesabu, na nesi wa zamu, na yule mshonaji aliyefiwa na mkewe akabaki anaishi kwa chai. Mama alikuuliza wanakuja wangapi, ukasema watatu. Wakija saba, ulimwambia watatu ndio hao, waliobaki wamewasindikiza. Mama alinuna hadi mlangoni, kisha akarudi kumenya viazi zaidi.

Ulipoondoka, Ijumaa zikafa. Mama aliacha kukaa mezani. Alichukua chai na mkate wake akaingia chumbani, na mgeni akibisha hodi alijibiwa kwamba watu wamelala, jua likiwa bado halijazama. Mwezi uliopita akatangaza kwamba lile sufuria kubwa la Ijumaa lipelekwe shuleni, huko kuna watoto wengi. Alisema mwenye wageni ulikuwa wewe, yeye alikuwa mpishi tu.

Kifungua mimba wako hakukubali. Unamjua, kichwa chake amekitoa kwako. Aliona wazi kwamba sufuria likitoka, Mama naye atajifungia humo chumbani moja kwa moja. Alimbembeleza siku tatu, akaomba Ijumaa moja tu, hii ya kutimiza mwaka wako, apike mchuzi wako wa nyama na viazi na wali, na wageni wawe wale wale.

“Pika,” Mama akasema. “Jumamosi sufuria liondoke.”

Basi tukapika. Kifungua mimba alisimamia nyama na nyanya, kaka yake anayemfuata akamenya viazi, kitinda mimba akachagua mchele. Kitunguu kilikuwa kazi ya Mama siku zote, na Mama hakutoka chumbani, kwa hiyo kaka akajitosa. Kilipoanza kunukia vibaya, sauti ikaja kupitia mlango uliofungwa kwamba tupunguze moto. Kifungua mimba alijikaza, akakoroga.

Wageni walifika na njaa zao, hawakuzificha. Mshonaji alikiri kwamba tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni, amelitunzia tumbo nafasi. Sahani zikajaa, watu wakainama. Mwalimu alikuwa akitafuna taratibu kama anayesahihisha mtihani wa mtoto wa rafiki yake. Kifungua mimba akaonja cha kwake, akaacha kutafuna. Chumvi hamna. Si kidogo, hamna kabisa, kwenye mchuzi wala kwenye wali!

Akamtazama kaka yake, kaka akamtazama kitinda mimba. Unakumbuka mwaka ule watu watatu walipotia chumvi bila kuulizana, wageni wakamaliza pipa la maji? Siku ile ulitupiga marufuku kugusa chumvi ya sufuria la Ijumaa. Chumvi moja, mkono mmoja, ukasema, na mkono huo ni wangu. Tumekutii miaka yote hiyo, Baba, na juzi tukakutii tena, kila mmoja kafanya kazi yake na hakuna aliyegusa ya kwako.

Mwalimu alisema chakula ni kizuri. Nesi akasema kinawafaa sana wagonjwa wake wa presha, na meza nzima ikaangua kicheko. Kifungua mimba hakucheka. Alitamani ardhi ipasuke immeze, maana alijua ndiyo basi tena, hiyo Ijumaa moja aliyoililia ameiharibu kwa mkono wake.

Kicheko kile ndicho kilichomtoa Mama. Alikuja na nguo zake za nyumbani, akapita moja kwa moja jikoni, akaonja.

“Hakuna aliyetia chumvi?”

“Ilikuwa kazi ya Baba,” kifungua mimba akasema.

Mama akashika mwiko. Akatia chumvi, akakoroga, akaonja, akaongeza. Machozi yalimtiririka na hakujishughulisha kuyafuta. Alizunguka meza na sufuria, akammwagia kila mtu mchuzi mpya, na alipomaliza akavuta kiti akakaa, akala wali sahani nzima. Tulikuwa hatujamwona akila hivyo tangu tukuzike. Tulijifanya hatuoni.

Wageni walipoaga, kifungua mimba alikuwa ameshalisugua sufuria likang'aa, akalibeba kuliweka karibu na mlango, kwa sababu ahadi ni deni. Alimkuta Mama kizingitini, ameshika mkono wa mshonaji.

“Ijumaa ijayo msichelewe,” Mama alikuwa akimwambia. “Mimi huwa napika mapema.”

Anakukumbuka mkeo. Wanakukumbuka wanao watatu, wakwe zako, wajukuu uliowaacha na yule uliyemwacha tumboni, mafundi wenzako wa karakana, na wageni wako wote. Mradi tunapumua, Baba, hatutakusahau.