Robo Mzunguko

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza kazi! Mama mdogo, anayefanya usafi pale maabara ya hospitali, ndiye aliyeniombea nafasi. Asante, mama mdogo. Wiki tatu tu tangu nimalize shule na tayari nina koti jeupe. La mtu mwingine, linanifika magotini, lakini jeupe!

Mashine yetu inachunguza chembe za damu. Zinapita moja moja mbele ya mwanga wa leza, kompyuta inachora kilima. Kilima chembamba, mwanga umekaa sawa. Kilima kinene, umehama. Leza yenyewe ni mrija wa gesi, mkongwe kuliko mimi. Ukiiwasha, anasema Fundi anayeitunza na kunifundisha kazi, ngoja nusu saa ipate moto. Kabla ya hapo usiguse kitu, hata daktari akikuamuru.

Jumanne, 4 Machi

Nimegusa skrubu! Ziko mbili, nyuma ya kioo cha leza. Unageuza kidogo sana huku unatazama mita ya mwanga. Niliogopa, nikageuza hata haionekani. Fundi akacheka: kidole changu kina haya, na skrubu hizi haziwataki wajasiri.

Siku zote naambiwa ongea kwa sauti, mbona umejikunyata. Leo aibu yangu imepata kazi. Sikujua niuweke wapi uso.

Alhamisi, 6 Machi

Fundi alichelewa. Nikawasha leza mwenyewe — nilitaka akute kila kitu tayari. Sikungoja. Dakika tano tu, nikaona mita iko chini, nikageuza skrubu ya juu, nikapitisha zile punje za plastiki za kujaribia. Kilima chembamba kama sindano! Nikafurahi peke yangu.

Saa nne kilima kimevimba kama mkate. Fundi akahangaika na skrubu ya chini, mita inashuka tu. Ya juu hakuigusa. Aliiweka sawa mwenyewe jana, ya nini kuishuku? Mwishowe akaketi. Mrija umekufa, akasema, kama anayemtaja ndugu yake. Ataandika barua mashine ifungwe. Damu ya watoto wa wodi ya saratani, ambayo daktari huitazama kila wiki kujua kama dawa inafanya kazi, itapelekwa mbali. Majibu baada ya wiki mbili.

Nikaenda kufuta meza iliyokuwa safi.

Ijumaa, 7 Machi

Sikusema.

Mama mdogo kauliza mbona sili. Nimesingizia jino.

Jumatatu, 10 Machi

Nimesema! Yaani, nimeandika. Kwenye daftari la leza, kabla Fundi hajaingia: "Alhamisi asubuhi niligeuza skrubu ya juu robo mzunguko. Leza ilikuwa haijapata moto. Ni mimi." Kisha nikasimama mlangoni, tayari kufukuzwa.

Akasoma. Akasoma tena.

"Robo nzima?"

"Ndiyo, Fundi. Nisamehe."

"Na ile haya yako siku hiyo uliiacha nyumbani?"

Nikalia kidogo. Yeye akavuta stuli mbili. Mwaka wake wa kwanza kazini, anasema, naye aliandikia barua ya kifo leza iliyokuwa hai kabisa. Hajawahi kumwambia mtu. Kaniambia mimi!

"Haya, washa."

Nimewasha. Tunangoja nusu saa, ndiyo maana naandika hapa hapa. Barua bado iko mfukoni mwake, hajaichana. Huenda mrija umechoka kweli, anasema, skrubu ikawa ya kusingiziwa tu. Hatujui. Daktari amechungulia mara mbili na trei yake, vichupa sita vya damu. "Vumilia, Daktari," Fundi kamwambia, "bibi kizee anaota moto." Mama mdogo anadeki korido, mahali pale pale tangu tuanze kungoja. Sakafu itatoboka.

Fundi hakunipigia kelele. Kitakachotokea kitokee, lakini hilo nitalishukuru.

Zimebaki dakika mbili. Nimenyoosha mkono nimpe Fundi miwani ya kinga, hakuipokea. Ameweka mikono mfukoni. Nilichogeuza mimi, anasema, nikirudishe mimi, kwa kidole kile cha Jumanne. Nimeivaa. Naona herufi zangu kwa shida. Mita imeanza kutikisi—