Rekodi Alizonipa Bi Greta

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakubusu mikono yote miwili. Magoti yamepoa, au bado yakuuma ukiinuka kwenye msala? Mimi hapa Shanzu ni mzima, alhamdulillahi, ila nilikuwa na jambo moyoni, na sikutaka kukueleza kwa simu watu wakasikia.

Nilikwambia namtunza Bi Greta, yule bibi wa Kizungu aliyekuwa akifundisha piano. Mwezi uliopita alinitilia rekodi kwenye simu yangu. "Sikiliza hizi, Mwanaidi. Sina nzuri kuzishinda. Rudia mpaka uzijue."

Mama, muziki gani ule! Piano yalia mara moja, kimya. Wadhani simu imezima, yalia tena. Nyingine ni kwaya, yaimba polepole kwa lugha nisiyoijua. Na kila jioni aniuliza, "Umesikiliza?" Nikaingiwa na shaka. Mtumishi hupewa kanga, hupewa chakula. Muziki wa nini?

Kadzo, apikaye nyumba ya jirani, akanitia hofu zaidi: "Akutoa dini huyo, taratibu."

Nikampelekea simu ustadhi wetu kule Kisauni. Ile ya piano aliisikiliza mpaka akasinzia. Ya kwaya ikamzindua. "Hii ni dua, ya kwao. Muulize akupa ya nini."

Nilirudi nimefura. "Bi Greta, wataka nibadili dini?"

Alinitazama mdomo, nikarudia kwa sauti. Akaketi. "Masikio yangu yanakufa," akasema. "Muziki huu una kimya kingi. Sijui tena kama ni wenyewe umenyamaza, au ni mimi nisiyesikia. Nataka mtu anayeujua, aniambie."

Sikumwamini. Kesho yake nikaangusha sufuria nyuma yake makusudi. Hakugeuka.

Basi ya kwaya nimeikataa, naye ameridhia. Za piano twazisikiliza pamoja kila alasiri, mkono wangu juu ya wake; piano ikilia, namfinya, ajue. Jana kikapita kimya kirefu.

"Imekwisha?"

Ilikuwa imekwisha kitambo. Lakini uso wake, Mama, ulivyokuwa umetulia!

"Bado," nikasema.

Akangoja, macho kayafumba. Kisha akauliza, "Mwanaidi, wanidanganya?"

Nikamfinya mkono.

Nisalimie Baba, na mjomba wangu seremala, na mdogo wangu wa madrasa. Shangazi msalimie pia, ila habari ya kwaya usimwambie. Atafunga safari kuja kunichukua.

Ni mimi mwanao, niombaye radhi zako,
Mwanaidi